Kibao Namba Sifuri

Haya ni mazungumzo niliyofanya na wanafunzi wa usanifu majengo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiacha tu sehemu ambazo projekta iligoma tukabaki kutazamana.

Habari za asubuhi.

Aliyenialika aliniandikia tuanze saa nne kamili. Kompyuta hii hapa pembeni inasema 10:20, na sijaona hata mmoja wenu akishangaa. Mmetazama kumi, mkasoma nne, mkajua tumechelewa dakika ishirini. Foleni ya asubuhi mnaijua, kwa hiyo tusameheane tuanze.

Saa nimeigusa makusudi. Aliyekulia na Kiswahili anatembea na orodha mbili za saa kichwani. Kila moja ina vipengee 12, mfuatano ni uleule, ila moja imesogezwa nafasi 6. Ndani ya Grasshopper, programu ya kubuni maumbo kwa kuunganisha visanduku kwa waya, iko komponenti, yaani kisanduku kimoja cha kazi, inayofanya kazi hiyohiyo, inaitwa Shift List: unaipa orodha, unaipa idadi ya nafasi za kusogeza, nayo inaizungusha. Mkifika nyumbani wekeni namba 1 hadi 12, zisogezeni kwa 6, halafu jaribuni hasi 6. Majibu yatalingana, kwa kuwa 6 ni nusu ya 12. Ndiyo maana hata mtoto wa darasa la kwanza haulizi kama saa inaongezwa sita au inapunguzwa sita. Tofauti ya aina hii ya kuhesabu tunaibeba bila kuisikia. Nitairudia baadaye, maana iliwahi kunitia hasara.

Najua baadhi yenu mmekuja mkitarajia niwaonyeshe majengo yaliyopinda kama kanga juu ya kamba. Picha hizo zimejaa mtandaoni, hamnihitaji mimi. Leo nataka tukae na vitu viwili vidogo ambavyo kila mtu anadhani anavijua: slaida, yaani kile kitufe unachokisukuma kubadilisha namba, na orodha. Nasema hivi kwa sababu ya mafaili ninayoletewa. Mwanafunzi anakuja amechoka, ananiambia, “Mwalimu, umbo langu limeharibika.” Nafungua faili, nafuata waya moja baada ya nyingine, na mara nyingi umbo halina kosa lolote. Alichokosea ni kuhesabu. Ama amehesabu nafasi akidhani anahesabu nguzo, ama orodha mbili hazilingani urefu, ama namba imepewa uhuru ambao hata fundi hana.

Kwa wale wageni, maneno machache. Grasshopper ni programu ya David Rutten wa kampuni ya Robert McNeel & Associates, wenye Rhino, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu. Ilianza kutolewa mwaka 2007 ikiwa nyongeza ya Rhino 4, na jina lake la kwanza lilikuwa Explicit History, yaani historia iliyowekwa wazi. Tangu Rhino 6, mwaka 2018, imo ndani ya Rhino yenyewe. Mimi lile jina la kwanza nalipenda zaidi kuliko la panzi. Ukichora kwa mkono, historia ya mchoro inapotea. Unabaki na mstari, hujui ulitokana na nini. Hapa kila hatua ni kisanduku, kila kisanduku kimeungwa kwa waya, na ukibadilisha kitu mwanzoni, vyote vilivyo mbele yake vinajihesabu upya. Kushoto kabisa, waya zinakoanzia, ndiko slaida zinakokaa.

Wengine wanaiita kitelezi, na ni neno zuri, lakini mazoea yana tabu, mimi nitasema slaida.

Unabonyeza mara mbili mahali patupu kwenye kanvasi, unaandika 17<18<20, unagonga Enter. Inatokea slaida ambayo chini haishuki zaidi ya 17, juu haivuki 20, na kwa sasa imesimama kwenye 18. Ukibonyeza mara mbili upande wenye jina, linafunguka dirisha la mipangilio, na humo kuna herufi nne: R, N, E na O. R ni namba zenye desimali, N ni namba kamili, E ni shufwa, O ni witiri. Nikiuliza darasani nani amewahi kutumia E, kimya. Sasa fikirini jengo lenye nguzo mbele na mlango katikati. Nguzo zikiwa witiri, moja inasimama mbele ya mlango kama mlinzi. Nguzo zikiwa shufwa, nafasi zinakuwa witiri na katikati panabaki wazi. Ukiiwekea slaida herufi E, hata ukiisukuma umefumba macho, mlango hautazibwa. Hiyo ni kanuni ya usanifu iliyofichwa ndani ya herufi moja.

Twende kwenye ngazi. Mfano huu nautumia kila mwaka na sijachoka nao.

Kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3,000. Mwanafunzi anaweka slaida ya kimo cha kipandio, desimali kibao, kutoka 150 hadi 190. Anaisimamisha kwenye 170 kwa sababu alisoma mahali kwamba 170 ni kizuri. Gawanyeni: 3,000 kwa 170 ni 17.65. Hakuna fundi wa kukujengea asilimia 65 ya kipandio. Programu haitalalamika, itakuchorea vipandio 17 vya 170, jumla 2,890, na cha mwisho kitabaki na milimita 110. Kwenye skrini huoni kitu. Atakayekiona ni mtu anayeshuka usiku umeme umekatika, na atakiona kwa goti.

Kosa liko wapi? Slaida imewekwa kwenye namba isiyokuwa na haki ya kuwa huru. Kimo cha kipandio hakijitegemei, kinatokana na idadi. Kwa hiyo slaida iwe ya idadi, namba kamili, 17 hadi 20, na kimo kipatikane kwa kugawa. Kwa 17 unapata 176.5. Kwa 18 unapata 166.7. Kwa 19, 157.9. Kwa 20, 150 kamili. Una majibu manne, yote yanajengeka, na huwezi kukosea hata ukitaka.

Kaka pale nyuma anauliza mkanyagio, yaani kina cha mahali unapoweka mguu, utatoka wapi. Swali zuri. Mfaransa François Blondel, karne ya 17, aliufunga mkanyagio na kimo pamoja kwa kutazama hatua ya mtu: kimo mara mbili, jumlisha mkanyagio, upate hatua moja ya kawaida. Siku hizi wasanifu wengi hulenga jumla iwe kati ya milimita 600 na 640. Kwa vipandio 18, kimo mara mbili ni 333, ukiweka mkanyagio wa 280 unapata 613, safi. Kwa vipandio 20, 300 na 280 ni 580, hatua fupi, utatembea kama uliyevaa kanga iliyobana. Hapo mkanyagio uwe 300 au zaidi. Na mkumbuke mikanyagio ni pungufu kwa moja, kwa kuwa hatua ya mwisho unakanyaga sakafu ya juu yenyewe. Vimo 18, mikanyagio 17, urefu wa ngazi 17 mara 280, yaani 4,760. Ile moja iliyopungua iwekeni akilini.

Sasa mipaka. Watu wanaacha slaida ikae sifuri hadi moja, au sifuri hadi mia, kwa kuwa ndivyo ilivyokuja. Mimi kila kikomo nataka kujua kimetoka wapi. Plaiwudi inauzwa milimita 1,220 kwa 2,440; basi slaida ya upana wa kipande cha plaiwudi iishie 1,220. Nondo inakuja mita 12. Mkono wa mtu aliyesimama una mahali unapofika na mahali usipofika. Kikomo kisichokuwa na sababu kinakufundisha kuchezea namba, na utazoea.

Nyumba za kale za mawe, Lamu na Unguja, zinanisaidia kulieleza hili. Mmeingia humo. Vyumba ni virefu, vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Wageni wanadhani ni mila tu, watu walipenda vyumba kama treni. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haikupi upana unaoutaka wewe. Inakupa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, basi. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Urefu ndio uliokuwa huru, na ndio maana vyumba vinatambaa kwa urefu. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Oman, Kuwait na pwani nyingine za Ghuba, ambako miti ni adimu, na vyumba vya huko navyo vikatoka na upana unaofanana na wetu. Waashi wa huku na wa kule walikuwa na slaida moja, na kikomo chake kilikuwa kimekatwa kwenye delta za mikoko.

Jambo lingine kuhusu slaida ni wingi wake. Nimeletewa faili lenye slaida 40, hakuna hata moja yenye jina, na mwenyewe ananiambia anatafuta umbo zuri kwa kusukumasukuma. Tufanye hesabu ya sokoni. Slaida 6, kila moja ina vituo 10: njia zilizopo ni 1,000,000. Ukiitazama kila moja kwa sekunde moja bila kulala, utamaliza baada ya siku 11 na nusu. Ongeza slaida zifike 10, utahitaji zaidi ya miaka 300. Kwa hiyo anayesukuma slaida 40 hatafuti, anabahatisha. Iko Galapagos, imo humohumo ndani ya Grasshopper, inazichukua slaida zako kama vinasaba na kuzichanganya kizazi baada ya kizazi ikitafuta jibu bora. Lakini nayo inataka uiambie bora ni nini, kwa namba moja tu. Wengi wanakwama hapo, kwa sababu hawajajiuliza. Sitaingia huko leo.

Na zipeni majina. Bonyeza kulia, andika “idadi ya vipandio”, sekunde tano. Faili ukilifungua baada ya miezi sita utajishukuru.

Halafu kuna slaida ya idadi yenye kikomo cha 1,000. Huo ni mtego. Una slaida mbili za hivyo, moja ya safu za kwenda na moja ya safu za kupanda, kidole kinateleza kwenye kipanya, na umeomba nukta 1,000,000. Kompyuta inakaa kimya, feni inalia, na wewe hujahifadhi tangu asubuhi. Faili likishakuwa zito acheni kuburuta slaida; fungeni kwanza ukokotoaji, andikeni namba mnayoitaka, kisha mfungue. Au bonyezeni mara mbili juu ya namba yenyewe muiandike, ili ihesabu mara moja tu badala ya kuhesabu kila hatua njiani.

Sawa. Orodha.

Mzee ana shamba, upande mmoja una mita 30, anataka uzio, nguzo kila baada ya mita 3. Anahitaji nguzo ngapi? … Nimesikia kumi. Nimesikia kumi na moja. Waliosema kumi, mzee atabaki na mwanya ng'ombe apite. Nafasi ni 10, nguzo ni 11, kwa sababu mwanzo una nguzo na mwisho una nguzo. Ni ileile ya vimo na mikanyagio.

Kwenye Grasshopper kuna komponenti mbili ambazo watu huzichanganya hapa. Series unaipa mwanzo, hatua na idadi. Ukiipa 0, 3 na 10, inakupa 0, 3, 6, inaendelea hivyo mpaka 27, inasimama. Namba ni 10 kama ulivyoomba, na uzio haujafika mwisho. Range unaipa eneo zima, 0 hadi 30, na idadi ya hatua. Ukiipa 10, inakupa namba 11, inaishia 30. Zote mbili ziko sahihi. Moja inahesabu nguzo, nyingine inahesabu nafasi. Kosa linatokea pale slaida moja, umeiita “idadi”, inapopeleka waya kwa zote mbili.

Hapo ndipo zinapozaliwa orodha zisizolingana. Tuseme una nguzo 11 na orodha ya vimo 8, kwa sababu vimo ulivipata kwa njia nyingine. Grasshopper haigomi. Inaoanisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, na vimo vikiisha inarudia cha mwisho. Nguzo ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja zote zinapata kimo cha ya nane. Ukitazama picha unaona uzio unapanda vizuri kisha unanyooka, na unaweza hata kuusifu. Sijui mara ngapi nimesikia mtu akitetea mbele ya jopo kitu ambacho kilikuwa ni orodha iliyoisha.

Dawa yake ni paneli, ile ya njano. Iunge kwenye waya, usome. Upande wa kushoto inaonyesha indeksi, yaani namba ya nafasi ya kipengee, kulia thamani. Mimi nikifungua faili la mtu, kabla sijatazama Rhino naweka paneli pale orodha mbili zinapokutana, na List Length, ile inayohesabu vipengee, kila upande. Ikija 11 na 8, nimemaliza, sina haja ya kuona umbo.

Na indeksi inaanza sifuri. Nguzo ya kwanza ni indeksi 0, ya kumi na moja ni indeksi 10. Hapa ndipo nilipoahidi kuwasimulia hasara yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilibuni kizuizi cha jua kwa ukuta wa magharibi wa ukumbi mmoja. Mnajua jua la saa kumi jioni linavyoingia upande ule, linakuja chini chini, paa haisaidii. Vibao 64 vya wima, kila kimoja na urefu wake, vikifuata wimbi refu na la taratibu: vifupi kushoto, vinarefuka katikati, vinapungua kidogo, vinarefuka tena kulia kabisa. Kati ya kibao na jirani yake tofauti ilikuwa milimita chache. Nilitoa orodha ya urefu kutoka kwenye faili, nikaipeleka karakana, wakakata, na kila kibao kikaandikwa namba yake mgongoni kwa kalamu ya mbao. Sifuri hadi sitini na tatu.

Fundi aliyevifunga alikuwa mtu mzima, mwenye miaka mingi kwenye kazi kuliko umri wangu. Akavipanga chini, akaona kimoja kimeandikwa 0. Akakiweka kando. Kwa akili yake, na ni akili timamu, kitu namba sifuri ni cha ziada, cha majaribio. Akaanza kufunga kushoto kwenda kulia: moja, mbili, tatu. Kila kibao kikakaa nafasi moja kabla ya mahali pake. Kwa kuwa wimbi ni la taratibu, hakuna kilichoonekana. Alipofika mwisho, nafasi moja wazi, na mkononi kimebaki kibao cha sifuri. Akakifunga hapo.

Kwa hiyo ukuta mzima ulikuwa sawa isipokuwa kibao cha mwisho, kifupi kuliko vyote, kimesimama penye kirefu kuliko vyote, kama jino lililovunjika. Nilipofika nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaniitikia, kisha akaniuliza kwa upole kama ile ndiyo ilikuwa nakshi yangu. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Alichofanya ni Shift List ya 1, ikizungushwa, kwa bisibisi na jasho. Programu ingefanya vilevile.

Kosa lilikuwa langu. Yeye alihesabu kama binadamu wote wanavyohesabu kitu cha kushika mkononi. Mimi ndiye niliyepeleka karakana namba za ndani ya programu bila kuzitafsiri. Tulifungua vibao vyote 64, siku nzima, na gharama nililipa mimi. Tangu siku hiyo hakuna orodha inayotoka kwangu kwenda kwa fundi bila kuongezwa 1. Ni komponenti ya kujumlisha, slaida haihitajiki.

Dada unauliza kwa nini basi programu isianze na moja, ikatuondolea balaa. Sifuri ina faida yake ukiwa ndani: ukizidisha indeksi kwa umbali unapata mahali pa kitu moja kwa moja, cha kwanza kikiwa pale pale mwanzoni. Indeksi 0 mara mita 3 ni mita 0, nguzo ya kwanza. Ukianza na moja, kila hesabu unatoa moja kwanza. Kwa hiyo acheni sifuri ndani ya faili, ila isivuke mlango wa karakana.

Kuna jambo linalofanana na hilo kwenye List Item, ile ya kuchomoa kipengee kimoja. Ina kiingilio cha W, cha kuzungusha, na kwa kawaida huja kimewashwa. Una vipengee 11, unaomba indeksi 11 ambayo haipo. Inazunguka na kukupa ile ya 0, haikuambii kitu. Ni nzuri unapotaka mduara, kila nukta iungane na inayofuata na ya mwisho irudi kwa ya kwanza. Ukiomba hasi 1 inakupa cha mwisho, na hiyo naitumia sana. Lakini kama kazi yako haina mduara, kizime. Heri ikulalamikie kwa rangi ya chungwa, rangi yake ya onyo, kuliko ikupe kibao cha sifuri pale mwisho.

Nikimbie kidogo kwenye Dispatch, maana muda unakwenda. Unaipa orodha na mtindo wa ndiyo na hapana, inagawa makundi mawili. Ukuta wa matofali ya milimita 450: kozi ya kwanza, yaani safu ya chini kabisa ya matofali, inaanza ukingoni, ya pili inasogea 225 ili viungio visikutane, ya tatu inarudi. Mtindo ni ndiyo, hapana, unajirudia wenyewe hadi juu. Kozi za hapana unazisogeza nusu tofali. Basi, umejenga ukuta, na ukiongeza slaida ya urefu kozi zinajipanga zenyewe. Wenye kupenda urembo wanaweka ndiyo, ndiyo, hapana, wanapata kitu kingine kabisa, ila muulizeni fundi kwanza.

La mwisho ni miti. Orodha ni daftari moja. Ukiwa na madaftari mengi kwenye rafu, kila moja na anwani yake, Grasshopper inaita mti, na kila daftari ni tawi. Utalitambua kwa waya: waya nyembamba moja ni kipengee kimoja, waya ya mistari miwili ni orodha, ya mistari miwili iliyokatikakatika ni mti. Kama hamuoni tofauti hiyo, kwenye menyu ya Display washeni Draw Fancy Wires. Kabla hamjafikiria, waya imeshawaambia mnabeba nini.

Wanafunzi wanaogopa miti, na wakiiogopa wanabonyeza kulia na kuchagua Flatten, madaftari yote yanapasuliwa kurasa na kushonwa kuwa moja. Rangi ya chungwa inapotea, roho inatulia. Hiyo ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Chukueni ngazi yetu, ghorofa tatu, zinazoanzia 0, 3,000 na 6,000. Series ukiipa mianzo mitatu inatoa matawi matatu yenyewe, kila tawi na mistari ya usawa ya ghorofa yake. Ghorofa ya kwanza inaishia 3,000. Ya pili inaanzia 3,000. Zikiwa kwenye matawi mbalimbali hakuna shida, kila moja inajua kwao. Ukizitandaza ziwe orodha moja, 3,000 inaonekana mara mbili mfululizo, na 6,000 vilevile. Programu itachora kipandio chenye kimo sifuri, mara mbili. Kwenye picha hakionekani, kwa sababu hakina kimo. Kwenye jumla ya vipandio utakuwa na viwili vya hewa, na mtu atakukadiria zege lake.

Sasa fungueni kompyuta, mazungumzo yametosha. Kazi ni hiyohiyo: ghorofa tatu, milimita 3,000 kila moja, slaida moja tu ya namba kamili 17 hadi 20, nayo iwe na jina. Nataka usawa wa kila kipandio kwa kila ghorofa, kwenye matawi matatu, bila Flatten. Nitapita meza kwa meza, na naomba msinionyeshe ngazi, nionyesheni paneli. Slaida ikiwa kwenye 18, kila tawi liwe na namba 19, na za mwisho ziwe 3,000, 6,000 na 9,000. Atakayeona tawi lake la kwanza linaishia 2,833 asiniite bado. Arudi kwanza kwa mzee na nguzo zake.

Wenye betri zilizokaribia kuisha, soketi ziko ukuta wa nyuma, ila ile ya kona haifanyi kazi.